Dakika Tano Kwenye Ukungu

Nikifumba macho namwona Deolinda amesimama mlangoni mwa shule yetu ya kijiji cha Vilar de Freixo, vazi lake la kazi la buluu limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Mkono mmoja unazuia mlango usibamizwe na upepo, na mwingine unagusa vichwa vya watoto wanaoingia, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa akiwahesabu. Mwaka ule walikuwa thelathini na wanane tu, maana nusu ya wazazi wa milima yetu wako Ufaransa na Luxemburg, na wengi wamewachukua watoto wao.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Nilitoka pwani, na ukungu wa kule juu ulinichukua miaka mingi kuuzoea. Kuanzia Oktoba hupanda kutoka mtoni alfajiri, na kuna siku haushuki kabisa. Unafundisha watoto kutoa na kujumlisha, ukitazama dirishani huoni ua, huoni ukuta, huoni chochote, na shule nzima unaihisi kama inaelea. Katika siku hizo sauti ya Deolinda akiburuta ndoo kwenye ujia ndiyo iliyonikumbusha kwamba bado tuko duniani.

Alikuwa mhudumu wa shule tangu akiwa na miaka ishirini na minane, na sasa alikuwa na sitini na mmoja. Aliosha sakafu, akawasha jiko la kuni, akapakua supu, akafunga kamba za viatu, akafuta kamasi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpa mtoto hata kidonge kimoja. Amri ya shule ilikuwa hivyo: mhudumu hagusi dawa. Mtoto akiumwa kichwa anapewa maji, analazwa kwenye benchi karibu na jiko, na mama yake anapigiwa simu. Deolinda aliipenda sana amri hiyo. Alikuwa akiniambia kwamba ndiyo inayomfanya apate usingizi.

Ndipo Septemba moja akaja Iria.

Alikuwa na miaka saba, mwembamba, nywele zake nyepesi kama nyuzi za mahindi. Mama yake, Salomé, aliyefanya kazi kwenye ghala la kufungasha matunda, alimleta akiwa na barua ya daktari na kisanduku cha dawa alichokishika kwa mikono miwili. Tulikaa ofisini kwa mkuu wa shule, Dona Otília, naye akaisoma barua ile mara tatu. Iria alikuwa na kifafa. Mara nyingi kilikuwa kidogo tu, kinapita kabla hujakijua. Lakini kikimshika kikubwa na kisimwachie baada ya dakika tano, lazima apewe dawa ya maji iliyokuwa ndani ya kibomba cha plastiki kisicho na sindano, itiwe kati ya fizi na shavu, na gari la wagonjwa liitwe papo hapo.

Dona Otília hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa mwoga wa makaratasi. Alieleza kwa upole kwamba dawa kali kama ile itafungiwa kwenye sefu ya ofisi yake, na yeye peke yake atakuwa na ufunguo. Salomé alitazama chini. Deolinda, ambaye alikuwa ameingia kutuletea kahawa, hakuondoka.

"Na Jumatano ukienda mjini kwenye mikutano yako, Dona Otília, ufunguo unabaki wapi?"

"Ninao mimi, kwenye mkoba."

"Basi tumwambie Iria asiugue Jumatano."

Salomé alicheka, kisha akaziba mdomo kama aliyekosea. Dona Otília hakucheka, ila alitoa kalamu. Ilituchukua alasiri nzima, lakini siku ile tuliandika kanuni zetu, na kila mstari ulipatikana kwa ubishi. Dawa ingekaa katika kisanduku chake chenyewe, chenye jina la Iria, picha yake na tarehe ya kuisha muda. Ingewekwa kwenye kabati la ujiani, juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti, na ufunguo ungetundikwa msumarini juu ya mlango, mahali ambapo mtu mzima yeyote angeufikia. Karatasi ya daktari ingebandikwa ndani ya kabati, na nakala yake ingekaa pamoja na dawa. Watoto wakitoka nje ya shule, dawa inatoka nao. Na watu wawili wangefundishwa kuitoa. Dona Otília alipouliza ni nani, kila mmoja alitazama kikombe chake. Mimi nilikuwa mwalimu wa mtoto, nisingeweza kukwepa. Wa pili alikuwa Deolinda, aliyejitaja mwenyewe, na mimi nikamshangaa, kwa sababu nilijua jinsi alivyoipenda ile amri ya zamani.

Anselmo, muuguzi wa kituo cha afya aliyesoma shuleni kwetu utotoni, alikuja kutufundisha siku ya Alhamisi akiwa na mwanasesere na kibomba kilichojaa maji. Deolinda alikishika kama anashika nyoka. Anselmo akamwambia asiogope, atulize mkono.

"Unaniambia mimi nitulize mkono," Deolinda alisema, "wewe uliyejikojolea kwenye mchezo wa Krismasi ukiwa umevaa mabawa ya malaika?"

"Dona Deolinda, mbele ya mwalimu?"

"Mwalimu alishajua. Haya, malaika, nionyeshe tena hilo shavu."

Alifanya zoezi lile mara nane. Mwanasesere alilowa mpaka miguuni. Jambo lililomsumbua halikuwa kibomba, zilikuwa zile dakika tano. Alitaka kujua kwa nini mtu amwangalie mtoto anavyotikisika na dawa iko mkononi. Anselmo alieleza kwamba mara nyingi kifafa hujiachia chenyewe kabla ya hapo, na dawa ile inaweza kuifanya pumzi ififie, kwa hiyo hupewi ruhusa ya kukimbilia kuitoa. Unamlaza ubavu, unaweka kitu laini chini ya kichwa, huweki chochote mdomoni, na unatazama saa. Deolinda alirudia maneno hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali rozari.

Wiki zikapita. Ikawa tunamjua Iria na safari zake ndogo. Angekuwa anasoma, halafu katikati ya neno ananyamaza, penseli imesimama hewani, macho yamefunguka lakini hayatazami chochote cha hapa. Hesabu kumi na mbili, kumi na tano, na penseli inashuka. Deolinda ndiye aliyewafundisha wengine wasiogope. "Ametoka kidogo," alikuwa akiwaambia, "mwekeeni nafasi yake." Nao waliweka. Mtoto wa pembeni alikuwa akiweka kidole kwenye ukurasa, mahali neno lilipokatika, ili Iria akirudi asipotee. Siku moja nilimuuliza huwa anakwenda wapi. Alifikiri sana. Akasema kule kila kitu kina rangi ya maziwa na mtu anamwita lakini si kwa jina lake.

Novemba, siku ya Mtakatifu Martini, shule huchoma kastanya, zile njugu kubwa za kahawia zinazodondoka kwenye misitu yetu. Tulikwenda na watoto wote kwenye miti iliyo nyuma ya kikanisa, mwendo wa robo saa. Kabla ya kutoka, Deolinda alifungua kabati, akatoa kipochi cha dawa, akakitundika shingoni chini ya koti. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watoto waliokuwa mbele ya mstari tuliwasikia tu. Mzee Adérito, ambaye ndiye mwenye mti mkubwa kuliko yote, alikuwa ameshakusanya majani makavu ya msonobari, akazimwaga kastanya juu yake na kuwasha moto. Moshi na ukungu vikawa kitu kimoja. Watoto walichovya vidole kwenye masizi wakapakana nyuso, kama inavyofanywa kila mwaka, na vicheko vyao vilitoka kila upande pasipo mtu kuonekana.

Sikumwona Iria akianguka. Niliona mduara wa watoto umefunguka na yeye yuko katikati juu ya majani, ana alama nyeusi kwenye paji la uso, mwili umekakamaa. Kisha ukaanza kutikisika.

Hapa lazima niseme ukweli. Mimi, niliyefundishwa, nilisimama. Nilijua kila neno la ile karatasi na miguu yangu haikunitii. Ilikuwa kama naangalia kupitia kioo cha dirisha chenye mvuke. Deolinda ndiye aliyepiga magoti. Alivua koti, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha mtoto, akamgeuza ubavu. Akatazama saa yake ya mkononi, saa ndogo ya kike yenye kamba iliyochakaa. Bila kuinua uso akanipa karatasi.

"Soma, mwalimu."

"Nisome nini?"

"Yote. Polepole. Nataka kusikia sauti ya mtu."

Nikasoma. Nilisoma jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, jina la dawa. Nilisoma kwamba asishikwe kwa nguvu, kwamba asitiliwe kitu mdomoni. Mzee Adérito alikuwa amekuja na kijiko cha mbao, kwa nia njema, akisema lazima ulimi uzuiwe, mama yake alikuwa akifanya hivyo, kila mtu alikuwa akifanya hivyo.

"Mjomba Adérito," Deolinda alisema, "nenda ukageuze kastanya zako, zinaungua."

"Mtoto anajing'ata, Deolinda."

"Ulimi utapona. Nenda."

Alikwenda. Bibi wa mtoto mmoja aliyekuwa amekuja kusaidia akaanza kulia, akauliza kwa nini dawa haitolewi, iko pale pale shingoni, tunangoja nini, tunangoja afe? Deolinda alimjibu kwamba dakika mbili na nusu. Baadaye kidogo akasema tatu. Sijawahi kuona muda mrefu kama ule. Moto ulitoa sauti ndogo ndogo, kastanya zikipasuka. Watoto walikuwa wamekusanywa chini ya mti wa mbali na msichana wa darasa la nne, na mmoja wao alikuwa akiwaambia wenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anatangaza hali ya hewa, "Iria ametoka, safari hii mbali." Ukungu ulipita kati yetu na wao kama pazia linalovutwa na mtu asiye na haraka. Nikamaliza karatasi nikaanza tena kutoka juu.

"Nne na nusu," Deolinda alisema. Alikuwa ameshafungua kipochi. Alisoma jina kwenye kisanduku, kwa sauti, ingawa sote tulijua ni la nani. Alisoma tarehe. Akatoa kifuniko cha kibomba akakitia mfukoni. Mkono wake ulikuwa umetulia, nauona mpaka leo, mkono mwekundu wa sabuni na maji baridi.

"Tano. Piga simu, mwalimu."

Wakati huo miguu yangu ilirudi. Nikapiga simu huku nikimwona akifungua shavu la Iria kwa kidole na kusukuma dawa taratibu, nusu upande wa chini, kisha akamwinua kidogo na kutia nusu upande wa pili, na kumlaza tena. Akaweka kiganja mgongoni mwa mtoto. Akangoja. Kutikisika kukapungua, kama gari lililozimwa injini likiteremka lenyewe mlimani, kukawa kwa mkono tu, kukawa kwa vidole, kukaisha. Iria akavuta pumzi ndefu yenye kukoroma. Deolinda alichukua kalamu yangu, akaandika saa na dakika pembeni ya karatasi, akaweka sahihi yake.

Kwetu gari la wagonjwa ni la wazima moto wa kujitolea, na lilipokuja tuliona kwanza taa yake tu ikizunguka ndani ya weupe. Aliyeshuka kwanza alikuwa mwokaji mikate wetu, unga bado uko kwenye nyusi. Niliondoka nao, na Deolinda akawarudisha watoto shuleni.

Waliniambia baadaye kwamba mlangoni aliwahesabu kama kawaida, akapata thelathini na saba. Akawahesabu upya. Akatoka nje kwenye ukungu akaita, na hakukumbuka aliyekosekana ni nani mpaka Dona Otília alipokuja kumshika bega. Hapo ndipo alipokaa chini, kwenye ngazi, na kushindwa kuinuka.

Nilirudi jioni, nikamkuta jikoni mwa shule mbele ya bakuli la supu iliyopoa. Nilimwambia Iria amelala, yuko salama, mama yake yuko naye, na daktari amesoma karatasi yetu na kusema kila kitu kilifanywa inavyotakiwa. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia kuhusu Virgínia, dada yake, ambaye sikuwahi kumsikia akimtaja.

Virgínia alikuwa na kifafa. Alianguka katika shule hii hii, kwenye chumba ambacho sasa ni darasa langu, naye Deolinda, mdogo wake, alikuwa kwenye dawati la nyuma. Mwalimu wa wakati ule aliagiza kijiko cha chuma. Walimvunja meno mawili ya mbele. Kesho yake baba yao aliambiwa amweke binti nyumbani, kwa sababu anawatia wengine hofu, na akawekwa nyumbani. Alikuwa ameshajifunza herufi mpaka M. Alikaa dirishani akishona mashuka ya watu wengine kwa miaka arobaini, akafa usingizini, na akitabasamu alikuwa akiziba mdomo kwa mkono.

"Hawakuwa wabaya, mwalimu," Deolinda alisema. "Hakuna aliyewaandikia la kufanya."

Nilimwomba msamaha kwa kusimama kule. Akasukuma bakuli lake kwangu, akasema nile supu kwa niaba yake, na kwamba nilisoma vizuri, ila kwenye jina la dawa nilijikwaa mara zote mbili.

Iria alipona upesi, baada ya siku tatu alikuwa akirukaruka nyumbani. Lakini kanuni tuliyoiandika sisi wenyewe ilisema kwamba dawa ikishatumika, nyingine iwepo kabatini kabla mtoto hajarudi. Na duka la dawa halikuwa nayo. Waliagiza. Ikachelewa. Dona Otília alipiga simu kila asubuhi, na kila asubuhi alijibiwa kesho. Deolinda alikuwa akizunguka mlango wa ofisi na fagio lake. Siku ya nne ya kungoja aliingia bila kubisha hodi. Alisema yeye havunji kanuni, alikuwepo ilipoandikwa, lakini hakuna mtoto mwingine wa shule hii atakayewekwa dirishani.

Tangu siku hiyo, akimaliza kufagia, alinijia mlangoni mwa darasa kuchukua kazi za Iria. Alizitia kwenye mfuko wa mkate akatembea nusu saa kwenye ukungu hadi nyumbani kwa Salomé, karibu na kinu cha zamani. Walikaa mezani wakasoma. Salomé aliniambia kwamba Iria akinyamaza katikati ya neno, Deolinda alikuwa akiweka kidole hapo na kungoja, na ilionekana kama wote wawili wametoka. Mara nyingine ni Iria aliyerudi kwanza, akamgusa mkono: "Dona Deolinda, tumefika hapa."

Kisanduku kipya kilifika baada ya siku kumi na moja. Walikileta pamoja asubuhi ya theluji ya kwanza, mama na mtoto. Tukasoma jina, tukatazama picha, tukakagua tarehe, Salomé akaweka sahihi. Kisha Dona Otília, ambaye hakuwa amelala vizuri wiki nzima, akachukua ile karatasi ya kanuni na kuongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba kuanzia sasa visanduku viwe viwili, kimoja na akiba yake. Watoto walimpokea Iria kana kwamba amekwenda chooni tu. Aliyekaa naye dawati moja alikuwa amemwekea kidole kwenye ukurasa usiokuwa wenyewe, ikabidi wabishane.

Sasa Iria anasoma mjini, anapanda basi saa moja asubuhi, na kifafa kikubwa hakijamshika tena zaidi ya mara mbili, zote akiwa kwao, zote zikaisha kabla ya dakika tano. Anasema siku hizi kule kwenye maziwa haendi sana, na kwamba anapakumbuka kidogo tu, kama nyumba uliyolala utotoni.

Deolinda aliendelea nasi miaka miwili zaidi kabla ya kustaafu. Dawa ya kabatini haikutumika tena. Kila ilipokaribia kuisha muda, mpya ikiwa imeshaingia, yeye ndiye aliyeirudisha ile ya zamani kwenye duka la dawa, kwa sababu kanuni ilisema isitupwe jaani. Hakukubali mtu mwingine aipeleke. Alivaa koti lake la Jumapili, akafunga kitambaa kizuri, akashuka kilima polepole akiwa na kisanduku ambacho hakijafunguliwa, akisimama njiani kumsalimu kila mtu. Na akiulizwa anakwenda wapi amependeza hivyo, alikitoa mfukoni akawaonyesha kifuniko kizima.

"Tazama," alikuwa akisema. "Hata hakijaguswa."